Bakuli la Baba Mkubwa

Getini pana kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekiandika, na kila nikipanda mlima kwa pikipiki nikakutana nacho, moyo unaniuma. Methali haina kosa. Kosa ni langu. Ndani ya nyumba ile kuna mwenyeji ambaye hakupona, na kilichomzuia kupona ni njaa yangu nilipokuwa mtoto wa miaka kumi.

Nyumba iko Iramba, kwenye ukingo wa mlima. Ukisimama mlangoni unaliona bonde lote la Wembere limelala chini, na siku isiyo na vumbi unayaona maji ya ziwa Kitangiri yakimetameta kwa mbali. Wageni husimama pale na simu zao wakasema mandhari, mandhari. Sisi tulipokuwa watoto hatukulijua neno hilo. Tulijua upepo. Ulipanda kutoka bondeni tangu asubuhi, ukaleta mchanga hadi kwenye mboga, na bibi alituambia tutafune tu, udongo wa kwetu hauui.

Ilikuwa tembe ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa, nalo pia la udongo, na juu yake tulianika mtama na majani ya mlenda. Vyumba vilifuatana kama mabehewa. Cha mwisho, upande wa miamba, kiliitwa chumba cha matenga, kwa sababu baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa mchuuzi wa kuku. Alizunguka Ulemo na vijiji vya jirani akinunua kuku mmoja mmoja, akawalaza mle usiku kucha, kisha akawapakia kwenye matenga na kushuka nao kwa baiskeli kwenda kuwauza. Mle ndani hakukaliki kwa harufu, lakini yeye alikula mle, peke yake, akiwaangalia kuku wake kama mtu anayekula na wageni.

Kwa sababu ya kuku hao alikuwa na tabia moja. Akimaliza kula tu, hata kabla ya kunawa, aligeuza bakuli kifudifudi, kuku wasije wakadonoa na kuchafua. Lilikuwa bakuli la bati lenye maua mekundu, na lilipogusa sakafu lilitoa mlio wake. Sisi watoto wa kiume tulimwiga kwa kila kitu: tulitembea kama yeye, tulikohoa kama yeye, na tulipomaliza kula tuligeuza mabakuli kifudifudi hata palipokuwa hapana kuku. Mama alitusema mpaka akachoka.

Mwaka ambao mvua ilikata na mtama ukakauka ukiwa bado magotini, baba mkubwa alifunga matenga mawili juu ya baiskeli akasema anakwenda kuwabadilisha kuku kwa mahindi, atarudi Jumamosi. Alikuwa ameoa, hata mwaka haujaisha. Mke wake, mama mkubwa, alimsindikiza hadi kwenye jiwe la njia panda na akarudi akiimba. Jumamosi ilifika, baba mkubwa hakufika. Hakufika yeye, baiskeli haikuonekana, wala unyoya wa kuku. Wanaume walishuka bondeni wakamtafuta, taarifa ikapelekwa kituoni, na watu wakagawanyika: wengine walisema kachukuliwa na maji, wengine machimbo ya dhahabu, wengine mwanamke wa Tabora. Bibi alisema mwanawe yuko hai, na pasipo maiti hapana matanga. Hakuna aliyembishia, maana mlimani pale neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa bakuli. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Bibi alikuwa akisema, huko nje sawa, kwangu asiyekuwepo lake lipo. Kila jioni, ugali uwe mdogo kiasi gani, alimega matonge matatu, akayaweka kwenye lile bakuli la maua pamoja na mlenda, akalifunika kwa ungo mdogo na kulipeleka chumba cha matenga. Asubuhi alilirudisha, chakula kimelala, na kukigawa kwa mbwa. Kwa mbwa! Nakwambia nilimchukia yule mbwa. Sisi tulilala na uji mwepesi hata uso wako unajiona ndani yake.

Mwenye njaa hana miiko. Alfajiri moja nilitumwa kufungulia mbuzi, nikapita mlango wa chumba cha matenga, nao haukuwa na kufuli. Niliingia. Nilikula nimechuchumaa, haraka, mlenda umepoa na kuwa mzito, na hadi leo sijala kitu kitamu kama kile. Nilipomaliza mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya. Niliondoka kwenda kwa mbuzi, nimeacha bakuli kifudifudi.

Bibi alipopiga ukelele nilijua nimekwisha. Nilirudi mbio nikiwa nimeandaa mgongo kwa fimbo. Nikamkuta amepiga magoti mlangoni, hajaligusa bakuli, analitazama tu, na machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Amekuja," alisema. "Mwanangu amekuja."

Baba alituita watoto wote tukapanga mstari. Alikuwa mtu wa kikulacho ki nguoni mwako, hakuamini miujiza. "Nani kala chakula cha kaka?"

Kila mmoja akasema si mimi. Nami nikasema si mimi.

"Waache watoto," bibi alimkata. "Panya anageuza bakuli? Mbwa anageuza bakuli? Amekosa kuku, amekosa mahindi, anaona aibu kuingia mchana. Mtu wa aibu hachunguliwi. Atakayemchungulia nitamlaani."

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu Jumamosi ile alikuwa haongei, anafanya kazi tu, macho chini. Aliinama, akaligusa bakuli kwa kidole kimoja, kisha akakipeleka kidole mdomoni. Nilimwona. Jioni ile alioga, akajipaka mafuta, akajifunga khanga yake ya arusi, na chumba chake, kilichopakana na cha matenga, hakikutiwa komeo.

Nilitaka kuacha. Naomba hili lieleweke, ingawa sidai msamaha kwa hilo. Asubuhi mbili nilipita mlango ule bila kuingia, na siku ya pili bibi hakuamka kitandani, mama mkubwa hakutia kitu kinywani, na nyumba nzima ikawa kama imemwagiwa maji baridi. Siku ya tatu nikaingia nikala. Bibi aliamka, akacheka, akakoroga uji. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimemshika mtu mzima roho yake mkononi. Sikujua mahali pa kumweka chini.

Basi nikaendelea. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri, alizeti zikajaa mlima mzima, na tukala tukasaza. Bakuli la baba mkubwa nalo likanenepa: lilitiwa mapaja ya kuku, maziwa ya mgando, asali ya kwenye sega. Nililila nikiwa nimeshiba. Kula umeshiba, alfajiri, gizagiza, huku unasikiliza nyayo, ni kazi ngumu kuliko kulima. Mara nyingine nilikwenda kutapika kwenye miamba. Lakini bakuli niligeuza kila siku, polepole, ili mlio wake usikike kidogo.

Jioni moja mama mkubwa aliweka pembeni mwa bakuli shati la mumewe, limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Asubuhi nililikuta limekunjwa vizuri. Ningefanya nini? Nililichukua nikalisukuma ndani kabisa ya ufa wa mwamba wanamolala pimbi. Siku ile alikwenda kisimani anatembea kama msichana, akawaambia wanawake wenzake, mume wangu anavaa. Walimwonea wivu, au walimhurumia. Mimi sikujua tofauti.

Kuna asubuhi moja ambayo nimeibeba kuliko zote. Nilikuwa nimechuchumaa nakula, na ukuta wa udongo kati ya vyumba viwili vile ulikuwa mwembamba. Nikasikia kitanda cha mama mkubwa kinalia. Nikaacha kutafuna. Kisha sauti ikaja kutoka upande wa pili, chini sana, karibu na sakafu, kama ameweka mdomo ukutani.

"Rudi tu," alisema. "Sina hasira. Hata ukirudi mikono mitupu. Rudi tu mchana, watu wakuone."

Tonge lilikuwa mdomoni. Nilisikia anapumua, anasubiri. Nikageuza bakuli na nikatoka.

Nilimaliza darasa la saba nikafaulu, na Januari nikapelekwa shule ya bweni. Mama mkubwa alinifungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi kwenye lile lile jiwe la njia panda. "Usome," aliniambia, "usije ukasahau kwenu." Ndani ya basi nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Nilijisemea, sasa basi, watajua wenyewe, bakuli litabaki limejaa na mambo yataisha. Katika akili yangu ya kitoto mambo yalikuwa yakiisha hivyo.

Nilirudi likizo ya mwezi wa sita nikamkuta mama mkubwa amenyoa kichwa. Niliuliza, nikaambiwa chawa. Bakuli lilikuwa bado linapelekwa kila jioni na kurudi limejaa kila asubuhi, na hakuna aliyelitaja. Bibi alikuwa amezeeka ghafla. Nikaukubali ule uongo wa chawa, kwa sababu nilitaka kuukubali, na likizo zilizofuata nikatafuta sababu za kubaki shuleni.

Leo nina duka la vipuri vya pikipiki mjini Singida, nina mke na watoto, na sahani yangu huwa naiacha wazi mezani. Mke wangu hunitania: mwanamume gani huyu hata kusogeza sahani hawezi? Hajui kwamba naikalia mikono yangu.

Bibi alifariki, baba akafuata. Mama mkubwa alibaki mlimani. Wajane wa rika lake waliolewa tena, wakazaa. Yeye hakuwa mjane, kwa sababu hakukuwa na matanga. Alikuwa mke wa mtu anayekuja alfajiri. Alimuuguza bibi hadi mwisho, na alipomaliza kumuuguza nywele zake zilikuwa nyeupe. Kisha mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya haya yote, akarudi kutoka mjini na mawazo yake. Akaezeka mabati, kuta za udongo akaziacha kwa sababu wageni wanazipenda, akaweka vitanda na vyandarua, na watu wakaanza kuja: walimu kwenye mapumziko, vijana kutoka Dar, Wazungu wawili watatu wenye viatu vya kupandia mlima. Mama mkubwa ndiye anayepika. Kuku wake wanasifiwa mpaka Kiomboi.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta jikoni. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mjini hawali?"

Jioni, jua linazama bondeni, wageni sita walikaa barazani na chai yao, na mdogo wangu akaanza kuwasimulia. Sikuwa nimewahi kumsikia akisimulia hadithi ya bakuli. Aliisimulia vizuri, ana kipaji. Baba mkubwa na matenga yake, bakuli la bati, bibi na laana yake. Kumbe chumba cha matenga ndicho wageni wanachogombea. Matenga yametundikwa darini na balbu ndani yake, na kila jioni mgeni anayelala mle hupewa lile lile bakuli la maua, na chakula kidogo, aliweke sakafuni mwenyewe. Asubuhi wanakuja kifungua kinywa wakicheka na kuulizana, kaja? Hajaja? Njaa yangu imekuwa kivutio.

Msichana mmoja mwenye miwani akauliza, "Na aliacha kuja lini?"

Mdogo wangu akamgeukia mama mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele. "Mama mkubwa, waambie mwenyewe."

Mama mkubwa hakuinua macho. "Ilikuwa Januari," alisema. "Wiki ile ile shule zinafunguliwa. Jumatatu alikula, nilimsikia. Jumanne hakula. Nikangoja mpaka mwezi wa tano. Nikajua amekufa hiyo Jumanne. Mama mkwe hakukubali, basi nikanyoa peke yangu, nikasema ni chawa. Kila mwaka wiki hiyo napeleka sadaka kanisani, namwombea."

Wageni waliweka vikombe chini. Msichana wa miwani alifuta macho. Mimi niliangalia bonde, na kama kuna mtu aliniambia neno sikulisikia. Nilisafiri Jumanne. Karanga alizonifungia zilikuwa bado za moto.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi, na nilikuwa nimechoka kuchota. Asubuhi nilimfuata uani. Alikuwa ananyonyoa kuku kwa ajili ya wageni, beseni la maji ya moto kati ya miguu yake. Nilikaa chini kama mtoto. Nilimwambia yote, kuanzia mbuzi na mlango usio na kufuli, mpaka basi la Jumanne. Sikupamba.

Hakuacha kunyonyoa. Manyoya yalikuwa yanaanguka, upepo unayapeleka kwenye miamba.

"Na shati?" aliuliza.

"Nililisukuma kwenye ufa. Kwa pimbi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia ya mahali alipokwisha kufika. "Na ile asubuhi niliyosema ukutani. Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi, mama."

"Uliyasikia maneno?"

"Yote."

Mgeni mmoja akatokea na taulo begani, akamwamkia, akaomba maji ya kuoga. Mama mkubwa akamwitikia kwa furaha ile ile ya kila siku, akainuka, akamchotea ndoo, akampimia joto la maji kwa kiwiko cha mkono. Aliporudi alimchukua kuku wake akaingia jikoni. Nilikwenda kwenye miamba, nikaingiza mkono kwenye ufa mpaka begani. Hapakuwa na kitu ila mavi ya pimbi na ubaridi.

Jioni, wageni wameketi barazani, mdogo wangu akaja jikoni kuchukua bakuli la maua ili alipeleke chumba cha matenga. Mama mkubwa akalitoa mkononi mwake. Akaweka matonge matatu, akamwagia mlenda juu, si kuku, mlenda, akatoka nalo barazani na kuliweka sakafuni mbele yangu.

"Kula," alisema.

"Mama mkubwa..."

"Kula hapa, nikuone."

Mdogo wangu alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka. Wageni walitutazama. Nilishuka kitini nikachuchumaa, mtu mzima mwenye mvi, na nikala. Yeye alisimama juu yangu. Niliusikia mdomo wangu ukitafuna, sauti ile ile aliyoisikiliza kupitia ukutani akiwa na miaka ishirini na mitatu, amejipaka mafuta, mlango hauna komeo. Nilikula mpaka nikafuta bakuli kwa kidole. Kisha mikono ikanishinda. Sikuweza kuligeuza na sikuweza kuliacha.

Aliinama yeye, akalishika kwa mikono miwili na kuligeuza kifudifudi. Bati likagonga sakafu kwa mlio wake ule.

"Miaka yote hii namwombea wiki uliyokwenda shule," alisema. Hakuwa na hasira, na ningeomba awe nayo. "Sasa sijui alikufa lini."